Kabla Hujalipa Ada ya Mwaka wa Yerusalemu

Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, maelfu ya vijana wa Kiyahudi waliomaliza sekondari huwasili Israeli kusoma kwa mwaka mmoja kabla ya kuingia chuo kikuu. Wengi wao hutoka Marekani, na wengine Uingereza, Kanada, Afrika Kusini na Australia. Wavulana wa familia zinazoshika dini huenda yeshiva, yaani chuo cha kusomea Torati, wasichana huenda seminari, chuo cha namna hiyo kwa wasichana, na wale ambao dini kwao si jambo la kila siku hujiunga na programu za vyama vya vijana, zinazochanganya masomo, kazi za kujitolea na safari. Kutoka kwetu Kenya huenda mmoja mmoja tu. Mimi nilikwenda mwaka 2023 nikarudi Juni 2024, na tangu hapo nimeulizwa maswali yaleyale na wazazi wa Nairobi, na jamaa wa Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, na hata na binti mmoja wa Arusha, kiasi kwamba nimeona heri niyaandike majibu mara moja.

Watu huchagua chuo kwa jina lake na kwa msimamo wake wa dini, ilhali mwaka wenyewe huamuliwa na kalenda. Chuo kitakulisha Sabato ngapi kwa mwezi, na ngapi kitakutaka utoke ukajitafutie pa kulala? Wakati wa likizo bweni hubaki wazi au hufungwa kwa kufuli? Kwa msichana wa New Jersey mwenye shangazi Beit Shemesh na binamu Efrat, maswali haya hayana uzito wowote. Kwa mtu asiye na ndugu hata mmoja katika nchi ile, majibu yake ndiyo mwaka mzima.

Nianze na karatasi, kwa sababu ndizo zilizotuchelewesha kuliko kitu kingine chochote. Mama yangu ni Myahudi. Mama yake alizaliwa Nakuru, baada ya wazazi wake kukimbia Ujerumani mwaka 1939, na alifunga ndoa katika sinagogi ya Nairobi, ile iliyo kwenye kona ya Uhuru Highway na University Way. Baba yangu ni Mluhya wa Kakamega, Mkristo, na hakuwahi kubadili dini wala hakuna aliyemtaka abadili. Kwa sheria ya Kiyahudi mtoto hufuata upande wa mama, kwa hiyo kisheria sikuwa na kasoro; kazi ilikuwa kuthibitisha. Wenzangu walipeleka nakala ya ketuba ya wazazi wao, yaani hati ya ndoa ya Kiyahudi, na shughuli ikaishia hapo. Wazazi wangu walifunga ndoa ya kiserikali na hawana ketuba. Chuo kikaomba ketuba ya nyanya, cheti cha kuzaliwa cha mama kinachomtaja nyanya kwa jina lake la ndoa, na barua ya rabi anayeijua familia. Ketuba ilipatikana ndani ya kitabu cha zamani cha sala, ukingo wake mmoja umetafunwa na mende lakini saini za mashahidi zikisomeka. Cheti cha mama kilikuwa na jina lililokosewa herufi, na kulirekebisha kulikula miezi. Anayekusudia kwenda azikusanye karatasi hizi kabla hata hajaandika maombi, na azipige picha zote.

Kwa walioingia Uyahudi kwa kubadili dini, au ambao jamii yao nzima iliingia kwa njia hiyo, jambo ni zito zaidi. Abayudaya wengi walithibitishwa mwaka 2002 na mahakama ya marabi wa madhehebu ya Conservative, na seminari za Orthodox, madhehebu yanayoshika sheria kwa ukali zaidi, kwa kawaida haziutambui uthibitisho huo. Tena, kukubaliwa na chuo si kukubaliwa na serikali. Desemba 2017 Myahudi mmoja wa Kenya, wa jumuiya ya Kasuku, alifika uwanja wa Ben Gurion akiwa na viza aliyopewa Nairobi, akielekea kusoma yeshiva Yerusalemu, akazuiliwa usiku na kurudishwa. Ndiyo maana nawaambia wenye pasipoti zetu waombe chuo barua inayotaja jina na simu ya mtu atakayejibu hata usiku wa manane, waibebe mkononi na si kwenye sanduku, na wahakikishe kwamba viza ya mwanafunzi inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Vinginevyo anayerudi nyumbani kwa Pasaka anaweza kushindwa kuingia tena kumalizia mwaka.

Sasa fedha. Seminari nyingi zinazopokea Wamarekani hutoza zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mama, mwalimu wa sekondari, hakuweza hata kukisoma kwa sauti. Nilipunguziwa zaidi ya nusu, kisha nikapata ruzuku ya Masa, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na serikali ya Israeli pamoja na Wakala wa Kiyahudi, na sinagogi ikachangia nauli. Kilichobaki kililipwa kwa awamu mbili, kwa dola, na hapo ndipo palipotuumiza. Mwaka 2023 ulipoanza dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Awamu ya pili ilipofika, Januari 2024, dola ilikuwa imekaribia shilingi 160, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka tena hadi karibu 130. Mama alilipa Januari kwa sababu mkataba ulisema Januari, akauza pikipiki aliyokuwa ameikodisha kwa mwendesha boda ili kufidia pengo hilo. Februari tuligundua kwamba ofisi ya fedha ya chuo huwaruhusu wazazi kugawanya malipo kwa miezi. Hakuna aliyetuambia kwa kuwa wazazi wanaolipwa kwa dola hawana haja ya kuuliza.

Kuna gharama nyingine ambazo hazimo ndani ya ada. Nauli za kwenda kwa wenyeji wa Sabato, zawadi ya kupeleka (haiendwi mikono mitupu, ingawa maua au boksi la biskuti linatosha), chakula cha wiki za likizo, bima ya afya ikiwa chuo hakijaijumuisha, na koti. Mtu wa Nairobi hujiona anaijua baridi kwa kuwa ameonja Julai ya Limuru. Majira ya baridi ya Yerusalemu ni mvua ya upepo na nyumba za mawe zinazoitunza baridi ndani kama mtungi unavyotunza maji, na koti langu la Gikomba halikuhimili wiki ya kwanza.

Muhula wa kwanza huanza na mwezi wa Eluli wa kalenda ya Kiyahudi na kuishia Siku ya Upatanisho. Masomo huanza asubuhi na kuendelea hadi usiku: Torati na wafasiri wake, sheria, manabii, na kwa seminari chache kama yangu, Talmudi pia, yaani mijadala ya kale ya marabi. Wenzangu wa chumbani, mmoja wa New Jersey, mmoja wa London na mmoja wa Johannesburg, walikuwa wamesoma shule za Kiyahudi tangu chekechea. Mimi nilifundishwa herufi na mama kwenye meza ya jikoni, na masomo ya Jumapili sinagogi. Niliomba kuwekwa darasa la wanaoanza kusoma maandiko yenyewe, nikabaki humo hata wenzangu waliponivuta nihamie darasa lao. Namshauri kila mtu wa hali yangu afanye vivyo hivyo. Katika darasa la juu mwalimu husimulia na wewe unaandika. Katika la chini unakaa na mwenzako na kamusi, mnabishana juu ya mstari mmoja hadi ufunguke, na ujuzi huo ndio unaorudi nao nyumbani.

Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Hili huwashangaza wazazi, lakini ndivyo zilivyo programu nyingi za wanafunzi wa nje: unaweza kuishi Yerusalemu mwaka mzima kati ya Wamarekani, ukanunua pizza kwa Kiingereza, na ukarudi huwezi kuulizia njia kwa Kiebrania. Kiebrania changu nilikipata nje ya darasa, katika nyumba ya wazee nilikokuwa nikijitolea Jumanne alasiri, ambako bibi mmoja mzaliwa wa Baghdad alikataa katakata kunielewa hadi niseme vizuri. Ikiwa lugha ni mojawapo ya sababu za safari yako, ulizia kama wanafunzi Waisraeli wanalala katika bweni hilohilo, na kama chuo kina siku ya kujitolea iliyomo kwenye ratiba na si ya hiari.

Nirudi kwenye Sabato. Kwetu Nairobi jua huzama wakati uleule karibu mwaka mzima, na mama huwasha mishumaa ya Sabato saa kumi na mbili jioni, mapema kidogo au baadaye kidogo. Yerusalemu mishumaa huwashwa dakika 40 kabla ya jua kuzama, king'ora hulia mji mzima, na saa hiyo hubadilika sana: Juni ni saa moja na dakika chache jioni, Desemba ni saa kumi. Mabasi husimama kabla ya hapo. Maana yake ni kwamba Ijumaa ya Desemba mtu anayekwenda kwa wenyeji nje ya mji lazima awe amepanda basi kabla ya adhuhuri kupita mbali, na anayechelewa hana njia nyingine ila kurudi kwenye bweni, ambalo katika Sabato ya nje, ile ambayo chuo hakilishi, halina chakula wala watu. Nilimwona msichana wa mwaka wetu akibaki kituo kikuu cha mabasi na begi lake, akilia, hadi mwanamke mmoja asiyemjua akamchukua nyumbani kwake. Ilikwisha vizuri, lakini hakuna mzazi angependa kuisikia kabla ya kuisikia imekwisha vizuri.

Chuo changu kilikuwa na Sabato mbili za ndani kwa mwezi, na katika nyingine tulitakiwa kutoka. Nia yake ni njema, kwamba mwanafunzi aone jinsi familia zinavyoishi, na kweli ukarimu nilioukuta sijauona mahali pengine. Watu wasionijua walinipa kitanda cha mtoto wao na kipande kikubwa cha kuku. Lakini kumpigia simu mtu usiyemjua kila Jumanne, ukijieleza wewe ni nani, ni kazi inayochosha roho, na kwangu ilikuwa na swali lake. Mezani, baada ya supu, lingekuja kwa upole: je, mama yako ni Myahudi kwa kuzaliwa? Wazazi wake je? Wenzangu wa Teaneck, New Jersey, hawakuulizwa. Mwanzoni nilijibu kwa kirefu, na ketuba, na Nakuru, na mwaka 1939. Baadaye nilijibu, "Ndiyo, pande zote zinazohitajika," nikaomba chumvi.

Mitaani nilichukuliwa kuwa Mwethiopia. Israeli ina raia wengi wa asili ya Ethiopia, wengi wakiwa wa familia zilizoletwa kwa ndege mwaka 1984 na 1985, kisha mwaka 1991, watu zaidi ya 14,000 walipovushwa kwa muda wa saa 36 hivi. Mama mmoja wa Kiethiopia aliyeuza mboga soko la Mahane Yehuda alinisemesha Kiamhari, akaniona sijibu, akanisemesha Kiebrania, akaniona nababaika, akacheka na kuniongezea nyanya mbili kwenye mfuko. Kupitia kwake nilialikwa nyumbani kwao siku ya Sigd, sikukuu yao ya kufunga na kusali iangukayo siku 50 baada ya Siku ya Upatanisho. Tangu hapo nilikuwa na nyumba ambayo haikuhitaji simu ya Jumanne. Mwenye kwenda atafute nyumba moja ya namna hii mapema, badala ya kukusanya nyumba ishirini za mara mojamoja.

Baada ya Siku ya Upatanisho huja likizo ya wiki tatu inayozunguka Sikukuu ya Vibanda. Bweni letu lilifungwa. Mkataba ulikuwa umelitaja hilo kwa mstari mmoja, chini ya kichwa kilichozungumzia usafi. Nililala kwa familia mbalimbali, na siku ya mwisho ya sikukuu, Jumamosi tarehe 7 Oktoba 2023, nilikuwa mtaa wa Katamon, Yerusalemu, katika nyumba ya zamani isiyokuwa na chumba cha kujikinga.

King'ora cha kuonya juu ya makombora kililia baada ya saa mbili asubuhi; Hamas ilikuwa imeivamia Israeli kutoka Gaza. Yerusalemu mtu ana sekunde 90 za kufika mahali salama. Sisi tulisimama kwenye ngazi, pamoja na majirani waliovaa nguo za kulalia na wengine waliokwisha kuvaa za sinagogi. Katika nyumba ile hakuna aliyegusa swichi ya taa siku ya Sabato. Kabla ya adhuhuri vijana wawili wa familia, askari wa akiba, walikuwa wamejibu simu, wakatia nguo kwenye begi na kuwasha gari. Mdogo aliondoka na viatu vyake vya sinagogi. Mama yao alisimama mlangoni hadi gari lilipopotea, kisha akarudi kufunika sahani za chakula ambacho hakikuliwa.

Wayahudi wa nje ya Israeli husherehekea siku mbili pale ambapo wa Israeli husherehekea moja, na wanafunzi wa mwaka mmoja, kwa kuwa ni wageni, wengi wetu tuliendelea kushika siku mbili. Kwa hiyo Jumamosi usiku, sikukuu ya wenyeji wangu ilipokwisha na simu zao zikaanza kulia, yangu ilikuwa ndiyo kwanza inaingia siku ya pili, na simu yangu ilibaki imezimwa hadi Jumapili usiku. Nairobi walikuwa wameona kila kitu kwenye televisheni. Sheria inaruhusu kuvunja sikukuu kuokoa uhai, na mwalimu wetu baadaye alituambia angeturuhusu kupiga. Usiku ule hakuwapo wa kuulizwa. Mama mwenye nyumba ndiye aliyempigia mama yangu kwa simu yake. Mama akamwambia, "Mwache tu asimame karibu, aseme neno, nimsikie." Nikasema kwa sauti, "Mama, niko salama, na nimekula." Wengine katika mwaka wetu hawakuwa na mwenyeji wa kuwapigia, na wazazi wao walikesha. Patana na nyumbani kabla hujasafiri: ukimya wa Sabato na sikukuu unaanza lini na kuisha lini, nani atapiga kwa niaba yako, na wampigie nani wasipokupata.

Karibu nusu ya wenzangu waliondoka wiki hiyo na iliyofuata. Mashirika mengi ya ndege yalikuwa yamesitisha safari, na tiketi zilizobaki zilipanda bei. Baba alitaka nirudi mara moja. Shangazi yangu wa Kakamega alipiga simu kuniambia kwamba kijiji kizima kinaniombea na kwamba ni mjinga. Habari za vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa katika mafunzo ya kilimo kwenye kibbutz, yaani vijiji vya ushirika, za karibu na Gaza, ambao baadaye ilithibitishwa kwamba waliuawa, zilifanya iwe vigumu kumjibu baba. Nilibaki, kwa sababu mama alinikubalia na kwa sababu chuo kilisema wazi kwamba anayeondoka harudishiwi ada. Sijui hadi leo kama ni sababu ya pili iliyokuwa na nguvu zaidi. Soma kifungu cha dharura kwenye mkataba, uulize kwa maandishi nini hutokea nchi ikiingia vitani, kwa maana si swali la kinadharia: Juni 2025 anga la Israeli lilipofungwa wakati wa vita na Iran, wageni walitolewa kwa meli hadi Kupro na kwa barabara kupitia Jordan na Misri. Pasipoti ya Marekani hupita huko kwa urahisi. Ya Kenya huhitaji viza ya Kupro, na ni vyema chuo kijue hilo kabla ya siku yenyewe.

Masomo yaliporejea, siku kadhaa kwa wiki tulipelekwa mashambani, kwa kuwa vibarua wengi, hasa Wathailandi, walikuwa wameondoka. Nje ya Yerusalemu, Gaza, vita iliyofuata ilikuwa ikiua Wapalestina kwa maelfu. Darasani jambo hilo liliguswa kwa nadra, na nilipouliza nilihisi swali langu limepokelewa kama swali la mgeni. Mwanafunzi asitegemee chuo kumweleza nchi nzima. Asome mwenyewe, azungumze na watu wa pande zote mbili za mji, na aangalie ramani kujua chuo chenyewe kiko upande gani wa mpaka wa 1967, kwa sababu baadhi ya vyuo mashuhuri viko Ukingo wa Magharibi na hilo hubadilisha bima, njia za mabasi na utulivu wa wazazi.

Mwanzoni mwa 2024, katika shamba moja la stroberi uwanda wa Sharon, nilisikia Kiswahili nyuma yangu. Walikuwa Wakenya, waliokuja baada ya serikali yetu kutangaza kwamba itapeleka vibarua 1,500 kufanya kazi mashambani. Mmoja wao, kijana wa Bungoma, aliniuliza, "Dada, wewe hapa wanakulipa ngapi?" Nikamwambia silipwi, nimekuja kusoma Torati, leo najitolea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na ada unalipa?" Nikakubali. "Haya," akasema, akaendelea kuchuma. Nilijaribu kumwandikia mama mazungumzo yale kwa namna ya kuchekesha, nikashindwa.

Mwaka wa Kiyahudi 5784 ulikuwa na miezi 13, kwa kuwa mwezi wa Adari hurudiwa katika miaka saba kati ya kila kumi na tisa ili Pasaka isihame kutoka majira yake. Sikuwa nimefikiria maana yake kwa mfuko wangu. Muhula wa baridi uliongezeka mwezi mzima wa Sabato za nje, nauli na zawadi. Mwaka 5787, unaoanza Septemba 2026, nao una Adari mbili. Anayepanga bajeti aliangalie hilo. Pasaka yenyewe ilianza usiku wa tarehe 22 Aprili. Wenzangu wengi walirudi makwao; mimi sikuweza, bweni likafungwa tena, na suala la siku mbili likanifuata. Wenyeji wangu walimaliza baada ya siku saba na usiku huohuo wakanunua mkate wa moto, huku mimi nikila matza, mkate usiotiwa chachu wa Pasaka, kwa siku nyingine nzima katika jiko lililokwisha kujaa makombo. Kwa Pasaka tafuta familia ya wageni wenzio, au angalau muulize rabi wako mapema, kwa maana wapo marabi wanaomwelekeza mwanafunzi ashike siku moja akiwa Israeli.

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Mwaka ule humfanya kijana kuwa mkali. Anakuwa amejifunza kwa nini sahani za nyama na za maziwa hutenganishwa, amekaa miezi mingi kati ya watu wanaofanya hivyo bila kufikiri, kisha anaingia jikoni kwa mama yake na kuona mwiko mmoja unaokoroga kila kitu. Wapo wenzangu wa Marekani ambao hadi leo hula nyumbani kwa sahani za karatasi. Mwalimu wetu mmoja, mama wa makamo mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa ametuonya kabla ya kuondoka: "Msirudi kumfundisha mama yenu dini aliyokupeni yeye." Kwa mama yangu ilikuwa rahisi kiasi, tulinunua miko miwili na rangi ya kucha ya kuitia alama.

Kwa nyanya yangu wa Kakamega haikuwa rahisi. Tangu utoto, kwake nilikula mayai ya kuchemsha, viazi vitamu vya kuchomwa jivuni na parachichi, naye alilikubali hilo kama mtu anavyokubali mjukuu mwenye mzio. Safari hii, kwa kuwa nilitoka vitani na nikarudi mzima, alichinja jogoo na kupika ingokho kwa ugali, akaniwekea firigisi, ambayo kwao hapewi msichana hivihivi. Sikuweza kuila, kwa kuwa jogoo hakuchinjwa kwa sheria ya Kiyahudi. Nilimwita shangazi kando, naye akaenda kusema nami sijui alisema nini, lakini firigisi ilihamia kwa baba na hakuna aliyepaza sauti. Kesho yake nilikwenda soko la Kakamega nikanunua sufuria mpya na mfuniko wake, nikamwomba nyanya airuhusu ipikiwe mayai na mboga tu. Akaigonga kwa kidole kusikiliza unene wake, akasema ni nyepesi, nilipunjwa. Imo jikoni mwake na imeandikwa jina langu kwa msumari.

Kuhusu chuo kikuu, Wamarekani wengi huhesabiwa mwaka ule kama sehemu ya shahada, kwa kuwa vyuo kadhaa kwao, Yeshiva University kikiwamo, vina mipango maalumu na seminari za Israeli. Kwetu haukuhesabiwa chochote. Nilikuwa nimepata nafasi baada ya matokeo ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ya Januari 2023, nikaandika barua ya kuomba kuahirisha mwaka mmoja, na jambo lililoniokoa ni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, maana niliporudi faili langu halikuonekana na karani akaniambia nianze upya maombi. Usitume barua ya aina hii kwa baruapepe peke yake.

Sasa ni zamu ya mdogo wangu wa kiume, anayetaka kwenda yeshiva Eluli ya 2026. Aliandikia vyuo viwili akiuliza Sabato za nje ni ngapi, bweni hufungwa lini, ada ya mwezi wa ziada wa Adari inalipwa na nani, kama malipo yanaweza kugawanywa, na kama kuna mtu asiye mkuu wa chuo anayepokea malalamiko ya wanafunzi. Kimoja, chenye jina kubwa, kilimtumia video ya wanafunzi wakicheza duara kwenye Ukuta wa Magharibi. Kingine kilimtumia kalenda ya mwaka mzima, Sabato kwa Sabato, na jina la mama mmoja wa Petah Tikva anayewapangia wageni nyumba za kulala. Amechagua cha pili. Mama ameanza kununua dola kidogo kidogo, na mimi nimempa koti nililonunua Yerusalemu, ingawa mikono ni mifupi kwake.